Miche ni kitu cha mwisho ninachopeleka

Simu nyingi ninazopigiwa na wenye mashamba huanza kwa ombi lile lile: "Nataka miche ya kupanda kando ya mto." Wengine hutaja na idadi kabisa, na wapo ambao wameshachimba mashimo. Jibu langu huwaudhi kidogo. Nawaambia miche tutaizungumza baadaye, kwanza nataka kuona ng'ombe wako wanakunywa wapi.

Kazi yangu ni kukaa na watu ambao ardhi yao inapitiwa na kijito, tukatafuta namna ya kukirudishia kile kijito kingo zake. Siyo hifadhi wala ardhi ya serikali. Ni mashamba ya watu, yenye hati, warithi na ugomvi wa mipaka. Ukichukua mfumo wowote wa mto ukaupima urefu wake wote, sehemu kubwa ni vijito vidogo vya juu, vile ambavyo mtu mwenye magoti mazima anaviruka. Mto unaoonekana mchafu kule chini umechafukia huku juu, kidogo kidogo, kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo hakuna njia ya kuutengeneza inayokwepa kukaa na mwenye shamba.

Kupanda miti ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Wanafunzi huja, picha hupigwa, kila mtu anaondoka na tope kwenye suruali akiwa na furaha. Lakini miche iliyopandwa kwenye ukingo ambao ng'ombe bado wanaushukia kila jioni ni chakula cha ng'ombe. Na miche iliyopandwa kwa mtu ambaye hakuitaka hufa kiangazi cha kwanza, mwenyewe akiitazama.

Siku ya kwanza siendi na fomu. Tunatembea. Naomba tuanzie juu, pale maji yanapoingia kwenye shamba, tushuke nayo mpaka yanapotokea kwa jirani. Njiani nauliza maswali yasiyo na harufu ya ofisi. Mafuriko makubwa kuliko yote uliyowahi kuona yalifikia wapi? Hapa palikuwa na kina cha watoto kuogelea? Samaki walikuwapo, na waliacha kuonekana lini? Kisha nauliza swali ninalolipenda kuliko yote: ni kipande gani cha shamba hili kinakutia hasara karibu kila mwaka? Karibu kila shamba la kando ya maji lina kipande kinacholimwa kwa ukaidi tu. Kinatuamisha maji, trekta linakwama, mbegu zinaozea ardhini. Mwenyewe akikitaja kwa kinywa chake, tumeshapata pa kuanzia, na mimi bado sijatamka neno mazingira.

Mzee mmoja alinisikiliza kwa utulivu safari nzima, akiitikia kwa kichwa, akinishika mkono penye utelezi. Tulipofika mwisho akasimama. "Sasa mwanangu, nikishazungushia uzio, huo mto bado ni wangu?"

Lile swali lilikuwa la haki kabisa, na watu wa fani yangu wangefanya vyema kulijibu kabla halijaulizwa. Hati ya ardhi haibadiliki kwa sababu ya uzio. Kinachobadilika ni yale yaliyoandikwa kwenye mkataba, ukiwapo, na mkataba unasomwa mstari kwa mstari, kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani. Ni wa miaka mingapi? Uzio ukisombwa na mafuriko nani anautengeneza? Mwenye shamba anaruhusiwa kukata tawi la kuni, kuchuma matunda, kurina asali humo ndani? Nani mwingine ana ruhusa ya kuingia, na anapaswa kupiga hodi kwanza au la? Mzee alitaka hasa kujua habari za kuingia. Hakujali sana miti ya aina gani. Alijali kuamka asubuhi akakuta watu wasiomjua wamesimama kwenye bonde lake na madaftari. Tuliandika kwamba hakuna anayeingia bila kumpigia simu, na tangu hapo mambo yakawa mepesi.

Tukiwa bado mtoni, nageuza jiwe. Natafuta sehemu yenye maji yanayokwenda mbio juu ya kokoto, nachagua jiwe la ukubwa wa kiganja, nalinyanyua polepole na kulipindua. Kwenye kijito chenye afya, upande wa chini wa jiwe huwa kama soko. Kuna mdudu bapa anayekimbia kukwepa mwanga, ana vijimkia vitatu vyembamba kama unywele, na ubavuni mwa tumbo lake kuna safu ya vijani vidogo vinavyopepea bila kukoma. Hivyo ndivyo anavyopumulia. Pembeni yake kuna kijumba chembamba cha chembe za mchanga zilizogandishwa pamoja, na ukikitazama kwa subira utaona kichwa kinachungulia: ni buu aliyejijengea kwa nyuzi anazozitoa mwenyewe mdomoni. Ukibahatika unamwona na yule wa mikia miwili, mwenye makucha, ambaye havumilii maji ya moto wala machafu.

Halafu tunashuka hatua chache hadi pale mifugo inaposhukia, nageuza jiwe jingine. Hili limefunikwa na utelezi wa rangi ya chai, chini yake kuna tope jeusi, na mara nyingi kilichobaki ni vijibuu vyekundu vinavyojinyonganyonga. Wekundu ule ni himoglobini, kama iliyomo kwenye damu yetu. Inawasaidia kuishi penye oksijeni kidogo mno. Kumwonyesha mtu mawe mawili kutoka kwenye shamba lake mwenyewe kunafanya kazi ambayo hotuba yangu haiwezi. Wenye mashamba wanajua udongo, wanajua mifugo, na wakiona tofauti hawahitaji kuambiwa ina maana gani. Mara nyingi wao ndio huanza kueleza: hapa tope limeziba nafasi kati ya mawe. Na kweli ndivyo ilivyo. Katika nafasi hizo ndimo wadudu wanamoishi, na ndimo mayai ya samaki wengi yanamopata hewa.

Jua nalo lina sehemu yake. Maji ya nyuzi 10 za Selsiasi yanaweza kubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, yanabeba kama 7.5 tu. Kwa hiyo kijito kisicho na kivuli kinapoteza pumzi yake mchana kweupe, hata kama hakuna aliyemwaga chochote ndani.

Nirudi kwa ng'ombe, maana nilisema ndipo tunapoanzia.

Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti kutoka jimbo la Virginia, Marekani, ambao nautaja kwa kila mfugaji. Watafiti waliweka mabirika ya maji mbali na kijito, bila kuweka uzio wowote, wakawaachia ng'ombe wachague. Ng'ombe walikunywa kwenye birika mara 92 katika kila 100, na mmomonyoko wa kingo ukapungua kwa asilimia 77. Wafugaji wengi wakisikia hivyo hucheka, kisha wananyamaza wakifikiri. Ng'ombe hapendi kuteremka kwenye tope, akazama hadi magotini ili anywe maji aliyoyachafua mwenzake. Anateremka kwa sababu hana pengine pa kwenda.

Ila birika lina masharti yake, na hapa ndipo miradi mingi huharibika. Ng'ombe mmoja mkubwa hunywa lita 30 hadi 70 kwa siku, na wa maziwa kwenye joto anaweza kupita 100. Zaidi ya hapo, birika likiwa mbali, kundi zima huja pamoja. Wakubwa wananyonya birika lote, wadogo wanakuta patupu, kundi linaondoka na hao wadogo wanaondoka nalo bila kunywa. Siku ya tatu wamevunja uzio kurudi mtoni, na mwenye shamba anasema mradi haufai. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote tunahesabu: wanyama wangapi, tangi la lita ngapi, bomba linajaza kwa kasi gani. Chini ya birika na kulizunguka paimarishwe kwa kokoto au zege, la sivyo unakuwa umehamisha tope tu kutoka mtoni kulipeleka malishoni. Floti, ile inayoelea na kufunga maji birika likijaa, iwekewe kinga, maana ng'ombe ni mdadisi na pua yake ina nguvu. Na ndani mwa birika mimi huomba jiwe la mteremko au kipande cha wavu kilichoegemezwa ukutani, ili ndege au mnyama mdogo akitumbukia apate pa kupandia. Gharama yake haifiki popote, na maji hayanuki mzoga.

Penye mteremko maji huja yenyewe kutoka juu. Pasipo na mteremko, pampu ndogo ya jua inatosha kundi la wastani. Pasipowezekana chochote kati ya hivyo, tunatengeneza mahali pamoja pembamba pa kunyweshea: sehemu ya mto iliyonyooka, yenye mteremko mdogo, imejazwa mawe na kokoto nene. Kokoto zile zina faida mbili. Zinashika udongo, na hazina raha kwa kwato, kwa hiyo ng'ombe anakunywa na kuondoka. Kinachoua ukingo zaidi ni kule kushinda mtoni mchana kutwa, amesimama majini akipunga mkia, huku kinyesi kikiangukia humo humo.

Uzio wa kando ya mto unapaswa kujengwa kwa kuamini kwamba siku moja utasombwa. Mimi hupendelea nyuzi chache kuliko nyingi, na waya mmoja wa umeme pale inapowezekana, kwa sababu takataka za mafuriko hazina pa kunasia na kuurudisha ni kazi ya asubuhi moja. Wavu wenye matundu madogo unashika majani, unageuka ukuta, kisha unang'oka na nguzo zake zote. Pale uzio unapokatiza mto, acha vipande vinavyoning'inia na kupisha maji.

Baada ya hapo tunafanya jambo gumu kuliko yote kwa mtu aliyezoea kulima: tunasubiri. Msimu mmoja mzima wa kuota. Ukingo usiokanyagwa tena unashangaza. Mbegu zilizolala ardhini zinaamka, zingine zinaletwa na maji, na mara nyingi manyasi na ndago za majini zinashika tope kabla mtu hajaleta mche hata mmoja. Pana kingo ambazo hatukupanda kabisa, na leo zina miti. Msimu huo pia unakuonyesha adui: magugu vamizi yaliyokuwa yakiliwa na mifugo yanapata upenyo. Yale yanayozaliana kwa vipande vya shina tunayaondoa kuanzia juu kushuka, maana ukianzia chini, kila mvua inakuletea vipande vipya. Dawa za kuua magugu siziruhusu karibu na maji isipokuwa zile zilizosajiliwa mahsusi kwa matumizi hayo. Katika baadhi ya dawa za kawaida, sabuni iliyochanganywa humo ili dawa inate kwenye jani huua vyura na viluwiluwi hata kuliko kiini cha dawa chenyewe.

Swali la upana wa ukanda wa miti kando ya maji ndilo linaloleta mabishano. Wanasayansi wawili, Bernard Sweeney na Denis Newbold wa Stroud Water Research Center, kituo cha utafiti wa maji cha Marekani, walipitia tafiti nyingi na mwaka 2014 wakahitimisha kwamba kijito kidogo kinahitaji angalau mita 30 za msitu kila upande ili kilindwe ipasavyo. Ukimtajia mwenye shamba mita 30 anakutazama kama uliyeomba mahari. Na ana sababu: kwa kila mita 100 za kijito, mita 30 pande zote mbili ni karibu ekari moja na nusu.

Mimi simfichi ile namba, na simlazimishi. Namwelezea kinachofanyika ndani ya ule ukanda, ili akijipunguzia ajue anapunguza nini. Mbolea ya naitrojeni ikizidi shambani huteremka na maji ya chini ya ardhi ikiwa naitreti. Ikipita kwenye udongo wenye majimaji, usio na oksijeni, uliojaa mizizi na majani yaliyooza, bakteria huitumia ile naitreti kupumulia na kuirudisha hewani kama gesi ya naitrojeni, ile ile ambayo ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta. William Peterjohn na David Correll walilipima hili huko Maryland, Marekani, kwenye shamba la mahindi lililopakana na msitu wa kando ya kijito. Katika utafiti wao wa 1984, sehemu kubwa ya mabadiliko ilitokea ndani ya mita 19 za kwanza. Fosforasi nayo husafiri kwa njia nyingine: imejishikiza kwenye chembe za udongo, kwa hiyo huzuiwa juu ya ardhi na nyasi nene zinazopunguza mwendo wa maji mpaka udongo ukatua. Kivuli, majani ya kuanguka na magogo hutoka kwa miti ya mstari wa mbele kabisa.

Mwenye shamba akielewa hivyo, mazungumzo yanabadilika. Anaacha kuuliza "kwa nini 30?" anaanza kusema "upande huu unaopokea maji ya shamba la mahindi tuupanue, ule wa mwamba tuuache mwembamba." Huo ndio mkataba ninaoutaka. Mita 12 zinazotunzwa zinanipendeza kuliko 30 za kwenye karatasi.

Lakini pana jambo linaloshinda upana, na hulioni siku ya jua. Maji ya mvua yakijikusanya kwenye mfereji mmoja shambani, yanapenya ukanda wako wote kwa sekunde chache, yakiwa na udongo na mbolea yake, kana kwamba hujapanda kitu. Ukanda unafanya kazi pale maji yanapofika yametandaa. Kwa hiyo nenda ukatembee shambani mvua inaponyesha. Chukua mwavuli, au loa tu. Utaona mifereji inapoanzia, mara nyingi kwenye njia ya trekta au mwisho wa matuta, na kuizuia huko juu kwa tuta la nyasi ni rahisi kuliko kupambana nayo ikiwa imeshafika mtoni.

Haya, sasa miche.

Mpangilio ninaoutumia unafanana na ule ulioandikwa na David Welsch wa Idara ya Misitu ya Marekani mwaka 1991: kandokando ya maji, miti ya asili isiyoguswa, nyuma yake, miti na vichaka ambavyo mwenye shamba anaweza kuvuna kwa mpango, na mwisho, upande wa shamba, mkanda wa nyasi nene. Huo mkanda wa katikati ndio unaoshawishi watu. Matunda, kuni, nguzo, malisho ya nyuki, chochote kinachokubaliana na unyevu wa pale. Mtu anatunza anachovuna.

Kwa ukingo wenyewe, mara nyingi sinunui miche. Mierebi na jamaa zake, na miti mingi ya majimaji, huota kwa matawi. Unakata tawi hai lenye unene wa kidole gumba au zaidi, urefu wa mkono mzima, au wa kufika pajani likisimamishwa, wakati mti umelala na haujatoa majani. Ncha ya chini unaikata mshazari, ya juu unaikata bapa. Hii si mapambo: ukiwa na rundo la matawi hamsini mkononi na mvua inakunyeshea, ule mshazari ndio unaokukumbusha upande upi unaingia ardhini, maana tawi lililopandwa kichwa chini haliendi popote. Theluthi mbili zizame, na ncha ifikie udongo ambao hautakauka kiangazi. Udongo ukiwa mgumu, toboa kwanza kwa mtaimbo, usigonge tawi likapasuka. Kisha bana udongo kwa kisigino mpaka ukivuta lisitoke. Yaloweke siku kadhaa kabla, na usiyaache juani hata wakati wa chakula.

Kisha palizi, miaka mitatu ya mwanzo, hapo hakuna njia ya mkato. Duara la mita moja kuzunguka kila mche liwe safi, na matandazo yasigusane na shina, kwani panya hujificha humo wakitafuna gome. Weka kijiti chenye rangi kando ya kila mche. Hicho ndicho kitu cha bei rahisi kilichookoa miche mingi kuliko kingine ninachokijua, kwa kuwa mwenye panga au mashine ya kukata nyasi hana ubaya na mche, hauoni tu. Kila mwaka, mahali pale pale, piga picha kwa simu, ukisimama kwenye nguzo ile ile. Mwenye shamba anayeona picha ya mwaka wa kwanza na ya mwaka wa nne haombi tena maelezo.

Ugomvi wangu mkubwa na wenye mashamba hauhusu pesa. Unahusu usafi. Watu wengi wazuri, wenye bidii, wanapenda mto ufagiliwe. Gogo likianguka majini wanalivuta nje siku hiyo hiyo, majani wanayachoma, nyasi za ukingoni wanazikata kama za mbele ya nyumba. Nawaambia habari za Bear Brook, kijito kidogo cha msituni huko New Hampshire, Marekani. Stuart Fisher na Gene Likens walifanya hesabu ya nishati yote inayoingia humo, wakaonyesha mwaka 1973 kwamba zaidi ya asilimia 99 inatoka msituni: majani, vijiti, matone ya mvua yaliyopita kwenye matawi. Yaani wale wadudu wa chini ya jiwe, na samaki wanaowala, wanaishi kwa kile unachokichoma. Gogo nalo linachimba kina nyuma yake na kushika kokoto. Likitishia daraja au kivuko, liondoe, sina neno. Likiwa limelala tu mtoni linakuudhi macho, liache.

Na pana jambo ambalo hata wataalamu liliwashangaza. Kijito kinachopita kwenye nyasi tupu huwa chembamba kuliko kile kile kikipita msituni. Nyasi huvamia kutoka pande zote, zinashika udongo na kukibana. Sweeney na wenzake walilionyesha hilo kwenye vijito 16 vya mashariki mwa Amerika Kaskazini, utafiti wa 2004: penye miti, kijito ni kipana zaidi, kina sakafu kubwa ya kuishi viumbe, na kinachakata uchafuzi zaidi kwa kila mita ya urefu. Kwa hiyo miti ikikua, mwenye shamba ategemee kuona ukingo ukijipanua kidogo. Nalisema mapema, kwa sababu bila hivyo nitapigiwa simu ya hasira.

Kuhusu vifusi, matairi na mabati yanayotupwa kwenye kona ya mto ili kuzuia mmomonyoko, nitasema kwa ufupi: nguvu ya maji haipotei. Ukiyakataza hapa yanakwenda kula upande wa pili au kwa jirani wa chini, na mahakama zinaijua vizuri hadithi hiyo. Vivyo hivyo kunyoosha mto. Na ukiona ngazi kali sakafuni mwa kijito, maji yanaanguka kama maporomoko madogo na ile ngazi inapanda juu kila mwaka, usipande chochote hapo kwanza. Mwite mtu anayeelewa mito. Sakafu ikiendelea kushuka, kingo zote zitaanguka na miti yako.

Fedha zipo mahali pengine na hazipo kwingine. Marekani kuna mpango wa CREP unaolipa wenye mashamba kwa mikataba ya miaka 10 hadi 15. Mwaka 1997 jiji la New York liliweka makubaliano na jamii za milima ya Catskill, yanakotoka maji yake mengi: badala ya kujenga mtambo mkubwa mno wa kuchuja, jiji likagharimia utunzaji wa mabonde, zikiwemo nyua na mabirika ya wafugaji. Nalitaja hili kwa sababu mwenye shamba hunionyesha kwa kidole upande wa chini na kuuliza kwa nini yeye alipie maji ya watu wa kule. Ni swali zuri, na jibu lake si kumhubiria. Nenda kawaulize hao wa kule.

Kitu kinachonisumbua zaidi siku hizi ni mwaka wa kumi na moja. Mkataba umekwisha, au mzee amelala, au shamba limeuzwa, na mwenye mali mpya anaona msitu mwembamba unaomnyima mistari ya mahindi. Karatasi inaweza kufunga ardhi kisheria, na mahali pengine hilo linafanyika vizuri, lakini mara nyingi kinachobaki ni mtu aliyekuwapo wakati jiwe linageuzwa. Kwa hiyo ninapopanga matembezi ya kwanza huuliza kwenye simu nani mwingine analima hapo, na nani atalima baadaye. Huyo naye aje, hata kama ana umri wa kwenda shule. Na wote wavae viatu visivyoogopa tope.